Kosa la Mchanga Mweusi

Tarehe 4 Februari

Mjomba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nisipoliandika kwanza sitaliandika kabisa. Siku mtoto wa dada alipozaliwa, mkunga alimfunua miguu, akanyamaza. Mama naye akanyamaza. Mama mkwe wa dada akauliza, "Hii nini?" Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika chupa ya chai. Nikachungulia. Vidole viwili vya kila mguu, cha pili na cha tatu, vimeshikana mpaka karibu na kucha. Kama vyangu. Mjomba, nilifurahi. Wenzangu wote walikuwa na nyuso za msibani, na mimi niliuma midomo nisicheke kwa furaha. Tangu siku hiyo najiona mtu mbaya.

Sasa nimeanza vibaya, ungekuwa karibu ungenikemea. Shikamoo mjomba. Habari za huko na za maabara? Sisi ni wazima. Baba mgongo unamsumbua kidogo. Mama angekusalimu kama angejua nakuandikia. Paka amezaa tena, safari hii juu ya sare yangu ya shule. Mtihani wa sayansi nimefanya vizuri, ila ule wa kusimama mbele ya darasa na kuongea nimepata sifuri, maana nilisimama tu.

Simuni siwezi kusema haya. Unamjua mama: simu ikilia anaweka spika, nyumba nzima inasikiliza, mpaka jirani anaitikia salamu kutoka upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo barua nimempa dereva wa gari lenu la utafiti, aiweke kwenye sanduku la barafu pamoja na vichupa vya damu ya kitovu. Amekubali. Ila amesema gari haliji kliniki mpaka pawe na mtoto aliyezaliwa, kwa hiyo nikitaka kuandika mara kwa mara niwaombee wanawake wenye mimba.

Jambo lenyewe ni hili. Mama mkwe wa dada amesema mtoto hatakanyaga kwetu. Kwao ng'ambo ya mto udongo ni wa kawaida, huku kwetu ni mchanga mweusi, na anasema mionzi ya mchanga huo ilimwingia dada tangu akiwa msichana, ikamsubiri tumboni. Amesema tangu alipoona watu wenu wanapitisha ile mashine inayolia tik tik juu ya sakafu yetu, alijua. Mama hajamshika mjukuu wake tangu walipotoka kliniki.

Na baba sasa anavunja sakafu. Sakafu ile, mjomba! Unaikumbuka, aliyoipiga mwenyewe kwa mchanga mweusi, inang'aa mpaka wageni wanavua viatu bila kuombwa na mimi nabaki na soksi. Amechukua tindo na nyundo, ameanza na sebule. Anasema akiutoa mchanga wote nyumbani, mama mkwe atakosa la kusema.

Wewe ndiye unayeiangalia damu ya watoto hawa kwa hadubini. Nijibu neno moja tu. Ni mchanga, au si mchanga?

Mpwa wako,
yule unayemwita Kimya


Tarehe 26 Februari

Bi Kimya,

Marahaba. Barua yako imefika imepoa kama soda. Mwenzangu wa zamu alidhani ni sampuli, nusura aipe namba. Huku mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa kutazama hadubini, na mwenye nyumba ameweka taa mpya ya ngazi inayowaka mchana na kuzima jioni. Mpe paka pongezi. Hiyo sifuri ya kuongea usiijali, mimi niliwahi kupata na leo nalipwa kwa kukaa kimya.

Umeniomba neno moja. Kazi yangu haina neno moja.

Ardhi yote inatoa mionzi: mawe, udongo, hata ukuta ninaouegemea nikiandika. Mchanga wenu unatoa zaidi, ndiyo maana tuko hapo. Tunachukua damu ya kitovu ya watoto wa upande wenu na ya watoto wa ng'ambo, na mimi natafuta kromosomu zilizovunjika au zilizokaa vibaya. Zipo. Kila mtu anazo chache, hata wewe, hata huyo mama mkwe. Mpaka sasa upande wenu hauzidi ule mwingine kwa namna ninayoweza kuiona. Lakini kutokuona tofauti si sawa na kusema haipo. Nikikwambia zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha, na mimi silipwi kubahatisha.

Vidole sivioni. Vichupa vinakuja na namba bila majina. Mtoto wa dada yako labda amepita mbele ya macho yangu na sikumjua.

Mwambie baba yako apumzishe mgongo. Sakafu ile nilimbebea maji alipoipiga.

Kuhusu yale uliyoyaandika mwanzo, nimeyasoma. Wewe si mtu mbaya. Basi.

Soma kwa bidii.

Mjomba wako


Tarehe 19 Machi

Shikamoo mjomba.

Barua yako imekaa kwenye begi langu muda mrefu bila jibu. Hapakuwa na mtoto. Kila mjamzito niliyepita karibu naye nilimtazama tumbo mpaka mmoja akaniuliza kama namdai. Leo asubuhi mke wa fundi cherehani ameshikwa na uchungu, ndiyo nikakimbilia kalamu.

Sisi ni wazima kwa kiasi. Baba amemaliza sebule na chumba chao. Kifusi anakitoa kwa toroli mpaka kule bondeni. Tunatembea juu ya mbao kama watu waliofikwa na mafuriko, na mama anapika amejifunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi. Baba akichoka mama anamletea chai, anasimama pale anamtazama anavyokunywa, kisha anaondoka na kikombe.

Jibu lako limenikasirisha, nisamehe kwa kusema. Nilikuuliza kama mpwa, ukanijibu kama karatasi iliyobandikwa mlangoni kliniki. Ile karatasi yenu imeandikwa kwa lugha ya shule, kwa hiyo watu wananiomba niwasomee, na mimi kuliko kusoma kwa sauti mbele ya watu afadhali niteke maji mchana kutwa. Juzi mama mkwe wa dada alikuja. Hakuingia, alisimama nje, kiatu chake hakikugusa hata kizingiti.

"Sakafu imetoka," akasema. "Kuta je?"

"Kuta ni tofali," baba akamjibu.

"Na tofali mlizipiga kwa nini? Kwa sukari?"

Tofali nazo alizipiga mwenyewe, kwa mchanga uleule.

Mama akanigeukia. "Wewe msomi, mwambie mkwe wetu ile karatasi inasemaje."

Nikasema, nikiwa naangalia chini, inasema hakuna tofauti iliyoonekana kati ya watoto wa huku na wa huko.

"Iliyoonekana," mama mkwe akarudia. "Wao hawajaona. Mimi nimeona. Mimi ndiye ninayemwogesha."

Na mjomba, amesema yaleyale uliyoyasema wewe.

Shuleni mwalimu wa sayansi alichora vile viboksi vya jeni ubaoni. Akasema kitu kinaweza kutoka kwa babu kikatua kwa mjukuu. Niliinua mkono. Darasa zima liligeuka, hawajawahi kuuona mkono wangu ukiwa juu. Nikauliza kama vidole navyo. Akasema hata vidole.

Sasa nakuuliza jingine, na hili halihitaji hadubini. Ulipokuwa unakuja kututembelea, wageni wote walivua viatu na soksi kwenye sakafu ya baba, wakisema ni baridi tamu. Kwa nini wewe ulikuwa unabaki na soksi?

Mpwa wako


Tarehe 3 Aprili

Bi Kimya,

Marahaba. Mimi mzima, nanyi nawatakia uzima. Mke wa fundi cherehani nimeambiwa amejifungua salama, mpe hongera.

Mama yako anajua kuhusu barua hizi? Kama hajui, usiniandikie tena mpaka ajue. Na mkwe wa dada yako muache kama alivyo. Watu wakishapata wa kumlaumu hutulia baada ya muda. Mtoto atakua, atakimbia, watasahau.

Miguu yangu ina baridi. Ndiyo sababu ya soksi.

Mjomba


Tarehe 22 Aprili

Mjomba,

Leo sisalimii. Nikisalimia nitaishiwa na hasira kabla sijafika ninapokwenda.

Watasahau, unasema. Njoo uone jinsi tunavyosahau. Baba amefika jikoni. Jana nyundo ilimteleza ikampiga kidole gumba, kucha imekuwa nyeusi, akafunga kitambaa akaendelea kwa mkono wa kushoto. Wateja wake wawili wamemtafuta fundi mwingine kwa sababu hapatikani. Nilimuuliza kwa nini asisubiri kidogo. Akasema, "Mama yako anataka kumshika mjukuu wake. Mimi nitasubiri nini?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata mimi alipaswa kunitoa kwenye mchanga huu kabla sijazaliwa, kwamba amebeba lawama ya miguu yangu miaka yote. Mjomba, sikujua. Nilidhani ananivalisha soksi kwa sababu ananionea aibu. Kumbe anaionea aibu sakafu.

Dada nilimwona kliniki, amempeleka mtoto chanjo. Amekonda. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni kwa mama mkwe, si kwake, na miguu imevalishwa soksi za sufu kwenye joto lile. Nilinyoosha mkono nimguse. Mama mkwe akageuka upande, polepole, kama mtu anayetafuta kivuli. Sijawahi kumshika mpaka leo.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa anakata vitunguu amekaa juu ya ndoo, maana pa kuweka kigoda hapana. Nikamuuliza, "Mama, babu alikuwa na miguu ya namna gani?"

Kisu kikasimama.

"Miguu ya watu," akasema.

"Vidole vyake?"

"Vilikuwa vinatosha viatu."

"Mama."

"Mtoto wewe, ulikuwa kimya ukanipendeza. Nani amekufungulia mdomo?" Akafuta macho. Vitunguu, alisema, ila vilikuwa bado havijakatwa vyote. Baadaye nilipokuwa natoka akasema bila kunitazama, "Muulize aliyemuuguza."

Aliyemuuguza ni wewe.

Nikamwambia kwamba nimekuwa nikikuandikia, kwa hiyo mama anajua sasa kuhusu barua. Hiyo sababu yako imekwisha. Tafuta nyingine au niambie.


Tarehe 17 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo. Gari limepita mara mbili bila jibu langu, na si kosa la dereva. Aliniuliza, nikamwambia bado naandika. Nilikuwa siandiki.

Mimi mzima. Taa ya ngazi imetengenezwa, sasa haiwaki kabisa.

Babu yako alihamia kwenye mchanga huo akiwa mtu mzima, na kazi yake mkononi. Hakuzaliwa hapo wala hakukulia hapo. Alipougua mimi ndiye niliyekuwa namwosha. Cha pili na cha tatu, miguu yote miwili. Kitu kama hicho kinaweza kupita kwa mtu bila kubisha hodi, kikajitokeza kwa mtoto wake. Kwa mama yako kimepita, kwako kimejitokeza. Kwa dada yako kimepita, kwa mtoto kimejitokeza. Sina kipimo cha kukuapia, lakini ungekuwa mwanafunzi wangu ukaniandikia kwamba ni mchanga, ningekunyima alama.

Ulipozaliwa, ndugu za baba yako walikuja juu. Hii imetoka wapi? Kwetu haipo! Mama yako alikuwa bado mgeni kati yao, amelala kitandani na maziwa yamemjaa, wao wamemzunguka kama mahakama. Akasema ni mchanga. Mchanga ni wa kwao pia, wamekulia juu yake, wakashindwa kubisha. Wakaondoka. Baba yako akaamini, na tangu siku hiyo hakumsema mama yako hata mara moja. Mimi nilikuwepo. Aliniomba ninyamaze, nikanyamaza.

Unataka nikwambie ni damu. Haya, ni damu. Sasa fikiria. Mchanga hauolewi, kwa hiyo hauachiki. Mama mkwe akiambiwa ni damu, hatakuwa na sakafu ya kulaumu, atakuwa na dada yako. Na wewe bado hujaolewa. Leo wewe ni mtoto wa watu wenye bahati mbaya ya ardhi. Kesho utakuwa msichana wa ukoo ule. Nimefanya kazi hii kwa muda mrefu, nimeangalia damu nyingi kuliko nyuso, na ninakuambia watu huogopa kitu kilicho ndani ya mtu kuliko kitu kilicho chini yake.

Kwa hiyo ulichouliza nimekujibu. Ulichokusudia kukifanya, usikifanye.

Mjomba wako


Tarehe 9 Juni

Shikamoo mjomba. Wewe ni mzima? Sisi tupo.

Nimekifanya.

Sikukusudia siku ile. Baba alikuwa amemaliza chumba changu, cha mwisho. Nyumba nzima ilikuwa udongo mtupu, na yeye amekaa juu ya toroli akijipepea kwa kofia, amefurahi kama mtu aliyemaliza kujenga. Alimwita mama mkwe aje aone. Akaja. Safari hii aliingia, akazunguka chumba hadi chumba, amekunja gauni.

"Umefanya kazi," akasema. "Bado kuta."

Baba alitikisa kichwa mara moja hivi, kama mtu anayemfukuza nzi, akaokota nyundo, akaenda kwenye ukuta wa sebule. Ukuta, mjomba. Unaobeba paa. Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

Nilisema, "Baba, acha," lakini sauti yangu unaijua, haikufika hata kwenye nyundo. Ikabidi nimshike mkono. Kisha nikakaa chini, kwenye udongo, nikavua soksi, nikasema yale uliyoniandikia: babu, kuhamia, cha pili na cha tatu. Nilisema nikiangalia miguu yangu. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo.

Mama mkwe ndiye wa kwanza kusema. "Hebu lete huo mguu." Akauinua kama anayekagua embe sokoni, akabonyeza katikati ya vidole. "Unauma?"

"Hauumi."

"Unakimbia?"

"Nakimbia. Ila sipendi kukimbia."

Akauachia. "Kumbe mna chenu kabisa, mkakinyamazia. Mwanangu akaoa amefumba macho."

Baba alikuwa anamtazama mama. "Ulijua?"

"Nilijua," mama akasema.

"Ukaniletea chai? Nikawa navunja, ukaniletea chai?"

"Nilikuwa nasubiri uchoke."

Baba akacheka, lakini si kicheko nilichowahi kukisikia kwake. Akaitua nyundo chini kwa adabu, kama chombo cha mtu mwingine, akatoka.

Ulisema kweli mjomba, na nimechukia kwamba ulisema kweli. Baada ya siku chache shemeji alimleta dada, na mtoto, na begi. "Mama amesema apumzike kwenu kidogo." Baba akamuuliza, "Kidogo ni kiasi gani?" Shemeji akaangalia viatu vyake. Alipoondoka alimbusu mtoto kichwani, na nadhani alikuwa analia, lakini aliondoka.

Kwa hiyo mama sasa anamshika mjukuu wake mchana kutwa. Anamwimbia. Mchanga umesamehewa, na dada ndiye aliyerudishwa. Baba halali chumbani, analala sebuleni juu ya mbao, na jana nilimwona anachekecha mchanga mweusi apige sakafu upya. Nilimuuliza kama nimsaidie, akasema, "Shika chekecheke." Ndilo neno pekee aliloniambia, nami nililishika kwa mikono miwili.

Dada hasemi nami kabisa. Nikiingia anatoka. Jana nilimsikia akimwambia mama, "Angeninyamazia tu. Ana jina la kunyamaza, kwa nini kwangu ndipo aongee?" Na mtoto sijamshika bado. Yuko nyumba moja nami, namsikia akilia, na simwombi mtu.

Sijutii na najuta. Nikikaa upande mmoja naona mwingine. Baba asingeacha, mjomba. Angefika kwenye paa.

Sasa nakuuliza kwa mara ya mwisho, na usinijibu habari ya baridi. Njoo. Panda gari lenu la vichupa kama hakuna jingine. Njoo ukae sebuleni kwetu, mama mkwe na shemeji waitwe, uvue viatu mbele yao. Wewe ni mwanaume mzima, una kazi, unalipa kodi ya nyumba, hakuna wa kukurudisha kwenu na begi. Wakiona kwamba mtu anaweza kuwa na miguu kama hii na akaheshimika, labda shemeji atapata mdomo mbele ya mama yake. Mimi peke yangu sitoshi. Mimi ni msichana tu aliyekaa chini kwenye udongo. Waambie pia yale ya kromosomu, uwaambie kwamba hata mama mkwe anazo zilizovunjika, nitafurahi sana ukimwambia hilo. Lakini kwanza viatu. Nimekuwa nikikuandikia tangu Februari na hujawahi kuandika neno moja kuhusu miguu yako, wala

Kuna mtu anakuja. Si baba, baba anapiga hatua nzito. Ni dada, namtambua anavyoruka mashimo ya ukumbini. Amesimama mlangoni. Hagongi. Mtoto yuko naye, nasikia anavyonyonya ngumi yake. Sijui amekuja tugombane au amekuja kunipa nimshike. Naikunja hii, naificha chini ya